Gatumba: Lenzi ndogo isiyojilenga yenyewe, na picha zinazobaki maji yakishuka

Barabara ya Taifa namba 4, inayotoka Bujumbura kwenda mpaka wa Kongo, haipandi kilima hata kimoja. Inakata tambarare ya Imbo, inavuka daraja la Mto Rusizi, inaingia Gatumba, kisha inafika kwenye kizuizi ambacho ng'ambo yake ni Kavimvira na, mbele kidogo, Uvira. Mkono wa kushoto kuna Ziwa Tanganyika. Mbele kuna milima ya Uvira iliyosimama kama ukuta. Katikati ya vyote hivyo wapo watu: akina mama wenye mabeseni ya nyanya, vijana wa baiskeli za mizigo, madereva wa malori, wabadilisha fedha, wauza ndagala.

Mpiga picha anayefika hapo na lenzi ya kawaida hulazimika kuchagua. Akichukua lori, anaukosa mzigo ulioshushwa kando yake. Akichukua mzigo, namba ya lori haionekani. Akirudi nyuma ili vyote viingie, anajikuta katikati ya barabara, na dereva anayewahi mpaka kabla haujafungwa hana subira na mtu anayetembea kinyumenyume.

Kwa kazi ya namna hiyo kuna kifaa cha zamani ambacho bado hakijapitwa: lenzi fupi ya pembe pana, ya milimita 28 au 24, isiyo na mota ndani yake. Ni kipande cha chuma na vioo kinachoenea kiganjani. Lenzi ya Nikon ya milimita 28 iliyotoka mwaka 1981 ina uzito wa gramu 250 hivi. Ile ya Olympus ya milimita 28 yenye f/3.5 haifiki hata gramu 200. Haijilengi yenyewe. Mwenye kamera huzungusha pete kwa kidole mpaka kitu anachokitaka kiwe wazi, au, kama ameshaizoea, haizungushi kabisa.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu ahangaike na pete wakati simu ya mfukoni inajilenga yenyewe kabla hajapepesa jicho. Swali ni la haki. Kamera kuu ya simu nyingi za sasa ina upana unaokaribia ule wa lenzi ya milimita 24 hadi 26, kwa hiyo mfanyabiashara anayepiga picha ya magunia yake kwa simu tayari anatumia pembe pana, ajue asijue. Mengi yanayosemwa hapa kuhusu lenzi yanamhusu na yeye. Lakini kwa anayeishi kwa kamera, anayepiga harusi Jumamosi, ubatizo Jumapili na mizigo ya watu siku za kazi, lenzi hii ina faida ambayo simu haina, na faida hiyo inaonekana zaidi mahali penye vumbi, jua kali na msongamano kama Gatumba.

Mita tatu na robo

Siri yake ni hesabu, wala si hesabu ngumu. Lenzi ikiwa fupi, eneo linaloonekana wazi kwenye picha, kutoka karibu hadi mbali, huwa kubwa. Na kadiri tundu la kupitishia mwanga linavyobanwa, eneo hilo huzidi kupanuka. Kwenye kamera yenye sensa kubwa, ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, lenzi ya milimita 28 iliyobanwa hadi f/8 na kulengwa kwenye umbali wa mita 3.3 hutoa picha iliyo wazi kuanzia kama mita 1.6 mbele ya kamera hadi milimani. Ikibanwa hadi f/11, pete inawekwa kwenye mita 2.4, na uwazi unaanzia mita 1.2. Yenye milimita 20 ni zaidi ya hapo: kwa f/8 inatosha kuilenga kwenye mita 1.7, na kila kilicho mbali zaidi ya sentimita 85 hivi kitakuwa wazi.

Maana yake ni kwamba mpiga picha huweka pete mara moja asubuhi na kuisahau. Baiskeli inapopita na madumu ya mafuta ya mawese, hakuna cha kulenga. Kuna kubonyeza tu. Kamera inayojilenga yenyewe, penye watu mia wanaopishana, mara nyingi hushika bega la anayekatiza mbele badala ya mzigo uliokusudiwa. Lenzi ya mkono haina hiari hiyo. Inatazama pale ilipoambiwa itazame.

Umbali ndio unaowashinda wanaoanza. Mita 3.3 ni kiasi gani? Kwa wauza vitenge jibu ni rahisi: pisi moja ya yadi 6 ni kama mita 5 na nusu, kwa hiyo ni zaidi kidogo ya nusu pisi, yadi tatu na nusu hivi. Anayepima kitambaa kwa mkono kila siku ana jicho la umbali kuliko mwanafunzi wa chuo cha picha. Anayeuza mbao naye anao ujuzi huo. Lenzi za zamani zimechorwa namba za mita na futi kwenye pipa lake, na pembeni ya namba hizo kuna mistari midogo inayoonyesha uwazi utaanzia wapi na kuishia wapi kwa kila tundu. Watengenezaji wengi wa lenzi za kisasa zinazojilenga wameiondoa mistari hiyo. Ni hasara, na wanaofundisha vijana upigaji picha wangefanya vyema kuanza na lenzi ambayo bado inayo.

Mwanga nao una kanuni yake ya tangu enzi za filamu. Jua likiwa wazi, weka f/16 na kasi ya shata ilingane na namba ya ISO. Kwa ISO 200 basi ni sehemu moja ya mia mbili ya sekunde. Ukifungua hadi f/8, kasi inapanda hadi sehemu moja ya mia nane. Kasi hiyo inatosha kumgandisha mwendesha baiskeli. Wingu likifunika, kama linavyofanya Imbo katika miezi ya mvua, kasi inashushwa hatua mbili, hadi sehemu moja ya mia mbili. Hakuna kipimo kingine kinachohitajika, na hilo ni jambo la msingi kwa sababu lenzi nyingi za aina hii zikifungwa kwenye kamera za kidijiti za bei nafuu hazipimi mwanga kabisa.

Asubuhi jua linatokea upande wa Bujumbura na kuimulika milima ya Uvira usoni. Anayepiga picha akielekea mpakani saa mbili au saa tatu asubuhi ana jua mgongoni. Jioni mambo hugeuka: jua linashuka nyuma ya milima hiyohiyo, na pembe pana hulimeza jua lote ndani ya picha, likaacha madoa ya mwanga juu ya watu na mizigo. Kivuli kidogo cha mbele ya lenzi husaidia, kiganja husaidia pia, lakini dawa ya kweli ni kugeuka na kupiga kuelekea mashariki.

Ndani ya duka mambo ni mengine. Maduka mengi ya mpakani ni vyumba vyembamba vilivyojaa bidhaa hadi darini, na mwanga ni wa mlangoni tu. Tundu likifunguliwa hadi f/2.8 na pete ikawekwa mita 2, kilicho wazi kinaanzia kama mita 1.6 hadi mita 2 na nusu. Hapo pete haisahauliki tena. Inabidi kuilenga kweli, taratibu, na kutia kamera juu ya kitu imara. Faida inayobaki ni upana. Mtu akisimama mlangoni mwa chumba cha mita nne anapata rafu zote tatu kwa picha moja.

Mstari wa maji ukutani

Yote hayo yangekuwa ya wapenzi wa kamera tu kama Gatumba isingekuwa Gatumba. Aprili 2020 Mto Rusizi ulivunja kingo zake na maji yakaingia mitaa ya mji huu, ikiwemo Kinyinya, Mushasha na Muyange. Maelfu ya wakazi walihama, na wengi wakaishia kwenye mahema ya Maramvya. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe liliendelea kupanda. Aprili 2024, baada ya mvua za El Niño, Serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa zilitoa ombi la pamoja la msaada wa kimataifa. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, Mto Lukuga, unaotokea Kalemie upande wa Kongo. Likishajaa, halishuki kwa wiki wala kwa mwezi.

Kwa mfanyabiashara aliyekuwa na stoo Gatumba, mafuriko yanaleta hasara mbili. Ya kwanza ni mali iliyolowa. Ya pili huja baadaye, pale anapotakiwa kueleza alikuwa na nini: kwa mkopeshaji, kwa chama cha akiba na mikopo, kwa mwenye mzigo wa Uvira au Kigoma aliyemwachia bidhaa kwa mali kauli, kwa wanaoandikisha waathirika. Daftari limelowa. Risiti zimegeuka uji. Picha iliyopigwa kabla ya maji na kutumwa kwa ndugu aliye mbali inaweza kuwa ndiyo hati pekee iliyobaki.

Hapa lenzi fupi ya kipimo kimoja ina ubora ambao haupatikani kwa lenzi za kuvuta na kusogeza. Kwa kuwa milimita zake hazibadiliki, picha mbili zilizopigwa kutoka sehemu moja, pete ikiwa kwenye namba ileile, zinaweza kulinganishwa moja kwa moja hata kama zimepishana miezi sita. Wataalamu wa miamba na barafu wametumia njia hiyo kwa zaidi ya karne moja kupima mabadiliko ya nchi. Gatumba inahitaji kitu kidogo zaidi: kusimama kwenye jiwe lilelile, kamera ikiwa kwenye kimo kilekile, na kupiga mlango uleule mwanzo wa mvua, katikati, na mwishoni. Fito iliyochorwa sentimita ikiegemezwa ukutani, mstari wa maji unakuwa namba. Haibishaniwi.

Kuna tahadhari moja. Pembe pana hupotosha vipimo kwenye kingo za picha. Nguzo iliyo pembeni huinama, na gunia lililo karibu na kona hunenepa. Kamera ikiinuliwa kutazama juu, kuta zote huonekana kuangukiana. Kwa hiyo fito na mstari wa maji viwe katikati ya picha, na kamera ishikwe sawasawa, isiinuliwe wala kuinamishwa. Anayetaka paa lionekane arudi nyuma au apande juu ya kitu.

Na kwa kuwa ni mafuriko ya Rusizi, kuna mgeni mwingine. Viboko hutoka mtoni na kuzunguka kwenye mitaa iliyojaa maji, na mamba nao wapo. Hifadhi ya taifa ya Rusizi iko jirani kabisa. Lenzi ya pembe pana hukifanya kila kitu kionekane mbali kuliko kilivyo. Kiboko aliyejaa nusu ya picha ya milimita 24 yuko karibu kiasi kwamba mpiga picha anapaswa kuwa ameshaondoka. Mnyama huyo si wa lenzi hii.

Mzigo, namba, na muhuri katika picha moja

Migogoro ya mizigo mpakani inafanana kote, iwe Gatumba, Kasumulu au Malaba. Mwenye mali anasema magunia yalikuwa 60. Dereva anasema alipakia 57. Turubai lilifunguliwa njiani au halikufunguliwa. Picha nzuri ya kupakia inajibu mambo mengi kwa mara moja: namba ya gari, mzigo ulivyopangwa, hali ya turubai, kamba, muhuri wa forodha kama upo, na mahali lori liliposimama. Kwa lenzi ya milimita 28 mtu huweza kusimama mita nne tu kutoka kwenye kona ya nyuma ya lori na kupata vyote hivyo, bila kuingia barabarani. Kisha anasogea. Picha ya pili ni ya karibu, ya muhuri na namba yake, kwa sababu maandishi madogo kwenye picha pana hayasomeki. Lenzi nyingi za aina hii hulenga karibu sana. Ile ya Nikon iliyotajwa inafika sentimita 20, karibu kabisa na herufi.

Picha hiyo ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na taarifa zake za tarehe na saa hupotea. Itumwe kama hati, yaani faili, ndipo taarifa zinabaki. Na picha halisi isifutwe kwenye kadi.

Saa yenyewe ni jambo ambalo wengi hawalikumbuki. Burundi na mashariki ya Kongo ziko saa moja nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda. Mfanyabiashara wa Kigoma anayefika Gatumba na kamera iliyowekwa saa ya kwao, picha zake zote zitasema lori lilipakiwa saa moja baada ya ukweli. Simu hujirekebisha ikishika mtandao wa huku. Kamera hairekebishi kitu. Penye ubishi juu ya nani alikuwa na mzigo saa ngapi, tofauti hiyo ya saa moja inatosha kumfanya mwenye haki aonekane mwongo.

Walio kwenye kona ya picha

Tatizo kubwa la pembe pana halimo kwenye vioo. Lenzi ya milimita 28 inaona pembe ya nyuzi 75. Ya milimita 20 inapita 90, yaani zaidi ya robo ya duara. Mtu aliyesimama kando ya mpiga picha, akidhani kamera inatazama mbele, yumo ndani. Hajaulizwa, wala hajui.

Mpakani hilo si jambo dogo. Yuko mama anayevusha nyanya zake kwa njia anayoijua mwenyewe kwa sababu ushuru wa siku hiyo umezidi faida. Yuko kijana asiye na hati. Yuko mkimbizi asiyetaka aliyemkimbia amwone. Picha ya lori la mtu mwingine, ikishazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya pande mbili za mpaka, inaweza kumfikia ambaye hakupaswa kuiona. Mji huu una sababu zake za kuuliza picha inakwenda wapi: usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, zaidi ya wakimbizi 150 wa Kongo, wengi wao Wabanyamulenge, waliuawa katika kambi ya muda iliyokuwa chini ya UNHCR hapahapa Gatumba. Sandra Uwiringiyimana, aliyenusurika akiwa na umri wa miaka 10, aliandika habari za usiku huo katika kitabu kilichotoka mwaka 2017. Sura ya mtu, hapa, si pambo la picha.

Wapiga picha wenye uzoefu wa pembe pana hukagua kingo kabla ya kubonyeza, si katikati. Wakikuta uso usiohusika wanasogea hatua moja mbele, au wanasubiri. Ni tabia inayoweza kujifunzwa kwa siku mbili na ambayo wenye simu, wanaopiga kwanza na kutazama baadaye, hawana.

Upande wa serikali nao una mipaka yake. Kizuizi cha forodha, daraja, askari na magari yao si vitu vya kupigwa picha bila ruhusa, Burundi wala Kongo, na pembe pana huviingiza bila kukusudia. Waandishi wa habari nchini Burundi wanahitaji kibali cha Baraza la Taifa la Mawasiliano, CNC. Mfanyabiashara anayepiga mzigo wake hahitaji kibali hicho, lakini akimwomba ofisa wa zamu kabla ya kutoa kamera, na akageuza mgongo kwenye kizuizi, anapunguza maneno. Kamera ndogo yenye lenzi ndogo haivuti macho kama zile ndefu za wapiga picha wa mpira. Hilo lina pande mbili: inatuliza watu, na inaweza pia kumfanya anayeificha aonekane anaiba.

Si lenzi ya picha ya pasi

Kazi moja ya mpakani haifai kabisa kwa kifaa hiki: picha ndogo za hati za kusafiria. Ili uso ujae kwenye picha ya milimita 28, mpiga picha lazima asogee karibu mno, na pua ya mteja inakua huku masikio yakirudi nyuma. Ofisa wa uhamiaji akilinganisha, ana haki ya kutilia shaka.

Studio moja ya Gulu, kaskazini mwa Uganda, ilipata njia yake. Gulu Real Art Studio ilipiga picha kubwa ya mteja aliyekaa kwenye kiti, kisha ikakata kipande cha uso tu kwa ajili ya hati. Mashine ya picha za papo hapo ilitoa picha nne kwa mara moja na si kila mteja alizihitaji zote; kukata kulikuwa rahisi zaidi. Mabaki yaliyobaki, watu waliovaa vizuri na shimo jeupe mahali pa uso, yalikusanywa na mpiga picha Mwitaliano Martina Bacigalupo, aliyeishi miaka kadhaa Burundi, na yakaonyeshwa New York mwaka 2013. Kwa anayetaka funzo la biashara: picha iliyopigwa kutoka mbali kidogo na kukatwa ina uso wa kweli kuliko iliyopigwa kwa kumkaribia mtu.

Wala isidhaniwe kuwa kulenga kwa mkono ni mtindo mpya. Kamera za kubadilisha lenzi zilianza kujilenga zenyewe kwa umaarufu mwaka 1985, kampuni ya Minolta ilipotoa modeli yake ya 7000. Kabla ya hapo kila kitu kililengwa kwa vidole. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alipiga picha za Zanzibar mwaka 1964. Priya Ramrakha, Mkenya mwingine, aliuawa kazini Biafra mwaka 1968. Picha zote za enzi hizo zilitoka kwenye lenzi za namna hii.

Kununua bila kuumia

Kwenye miji mikubwa ya ukanda huu lenzi za mtumba huuzwa pamoja na kamera za zamani, nyingi zikitoka Ulaya na Dubai. Mpya nazo zipo: Voigtländer zinazotengenezwa na Cosina ya Japani, na za Kichina kama Laowa, TTArtisan na 7Artisans. Anayenunua ya zamani aitazame dhidi ya mwanga. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ndani ya kioo ni kuvu, na hewa ya kando ya ziwa huifanya ikue. Azungushe pete ya tundu: vile vya ndani vinapaswa kufunguka na kufunga haraka, vikavu. Vikiwa na mafuta vinachelewa, na picha inatoka nyeupe kupita kiasi. Pete ya kulenga iwe nzito kidogo na laini. Ikikwaruza, mchanga umeingia.

Ukubwa wa sensa usisahauliwe. Kwenye kamera nyingi za Nikon na Canon za bei ya chini, sensa ni ndogo, na lenzi ya milimita 28 huwa na upana kama wa milimita 42 au 45. Huo si upana tena. Mwenye kamera hiyo atafute milimita 18 au 20. Na kwa Nikon, lenzi za kabla ya 1977 ambazo hazijafanyiwa marekebisho zinaweza kuharibu baadhi ya kamera za baadaye. Pete yake ya nyuma hukwama kwenye kijino cha kamera. Lenzi za Canon za mfumo wa FD hazifungiki kwenye kamera za EOS zenye kioo bila adapta yenye lenzi ndani yake, na adapta hizo hushusha ubora. Kwenye kamera za kisasa zisizo na kioo karibu zote zinaingia kwa adapta tupu ya chuma.

Halafu kuna forodha. Utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, unaomruhusu mfanyabiashara mdogo kuvusha bidhaa zisizozidi dola 2,000 kwa cheti rahisi cha asili, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama. Lenzi ya Japani haipati nafuu hiyo hata kama imenunuliwa Kampala na kuvushwa na raia wa Burundi. Lenzi ya kamera huingizwa kwenye namba 9002.11 ya orodha ya ushuru, tofauti na kamera yenyewe, na anayetaja namba sahihi mapema hasubiri mtu mwingine amchagulie. Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, bado inaendelea kuoanisha taratibu zake, kwa hiyo upande wa Kavimvira anayeulizwa ni ofisa wa DGDA, si karatasi ya OBR.

Aliyebeba kamera yake ya kazi na anarudi nayo jioni ana shida nyingine: kuthibitisha kuwa hakuinunua ng'ambo. Namba ya usajili imechongwa kwenye pipa la lenzi, mbele au ubavuni. Aiandike pamoja na ya kamera, aionyeshe forodha anapotoka, aombe ipigwe muhuri au isainiwe, na karatasi hiyo akae nayo mfukoni, si ndani ya mfuko wa kamera.